Barua Pepe Iliyofungwa na Jinsi ya Kuifungua

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya jambo lililoninyima usingizi siku kumi na moja mwaka jana. Nimekubali, maana tangu siku zile nimekutana na wanafunzi wanane wa shule hii waliopatwa nalo vivyo hivyo, na wakubwa wetu waliokwisha kumaliza shule huuliza habari zake mara kwa mara. Jambo lenyewe ni hili: mtu anajua jina la akaunti yake ya barua pepe, anajua na neno lake la siri, hata hivyo anafungiwa nje, kwa sababu anaulizwa namba zilizotumwa kwa simu ambayo hanayo tena.

Kwanza tulielewe kufuli lenyewe. Zamani akaunti ililindwa kwa neno la siri peke yake. Lakini neno la siri huibwa upesi, kwa kuwa watu hutumia neno moja mahali pengi, au huandika jina la mama na mwaka wa kuzaliwa, na mwizi hana haja ya kufikiri sana. Mwaka 2011 kampuni ya Google iliwapa watu wote nafasi ya kuongeza kufuli la pili, liitwalo uthibitisho wa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kitu unachokijua, yaani neno la siri. Hatua ya pili ni kitu ulicho nacho mkononi, yaani simu. Mwizi aliye mbali akilipata neno lako la siri, simu yako bado hanayo, na hapo hukwama.

Mwanzoni ilikuwa hiari ya mtu. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba itawaingiza watu milioni 150 zaidi katika utaratibu huo bila kungoja waombe, na mwaka 2022 ikasema kwamba miongoni mwa watu hao akaunti zilizoingiliwa na wezi zilipungua kwa nusu. Basi kufuli si baya hata kidogo, wala simshauri mtu alitoe. Lakini ndiyo sababu wengine wetu twajikuta tumefungiwa na kufuli ambalo hatukumbuki kulifunga.

Sasa tuangalie kwa nini latusumbua sisi kuliko wengine. Aliyelitunga kufuli hili alimfikiria mtu anayekaa na namba moja ya simu miaka mingi, kama mtu akaavyo na jina lake. Sisi watu wa Sudan Kusini sivyo tulivyo. Wazee wa hapa Juba watazikumbuka laini za Gemtel, ambazo zilitumia namba ya nchi ya Uganda, 256, ingawa mwenye simu alikuwa ameketi chini ya mwembe hapa hapa Juba. Wengine walitumia 249 ya Sudan. Nchi yetu ilipopata uhuru, tarehe 9 Julai 2011, ikapewa namba yake yenyewe, 211, na watu wakabadilisha. Mwezi Machi 2018 serikali iliisimamisha kampuni ya Vivacell kwa sababu ya ada ya leseni, na laini zake zikanyamaza; aliyekuwa amefunga akaunti yake kwa laini ya kampuni hiyo alijikuta hana ufunguo, wala hakukosa lolote. Kisha wako ndugu zetu waliorudi kutoka Khartoum baada ya vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, wakiwa na laini za kule. Na wako wengi kama mimi, waliokulia katika kambi za wakimbizi za Kenya na Uganda, waliofungua akaunti zao za kwanza kwa laini za huko.

Mimi nilifungua yangu Kakuma, nikiwa darasa la saba, kwa simu ndogo ya Tecno aliyoninunulia shangazi yangu. Nilipokuja Juba kuanza kidato cha kwanza nilimwachia shangazi simu ile, nami nikapewa nyingine ya aina hiyo hiyo. Akaunti yangu ilifunguka katika simu mpya, maana wakati huo laini ya Kenya ilikuwa ingali hai mfukoni mwangu. Nikaingia mara moja, nikasahau. Laini nikaiweka ndani ya kopo pamoja na vifungo vya shati. Sikujua kwamba kampuni za simu huzihesabu siku ambazo laini haikutumika, na siku hizo zikizidi, namba huondolewa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Namba ya simu si mali yako; umeazimwa tu, na mwenyewe huichukua usipoitumia.

Miaka ilipita salama. Mwaka jana mwezi wa Agosti mvua kubwa ilinikuta juu ya bodaboda, na simu ililowa hata haikuwaka tena. Nikaazima fedha, nikanunua nyingine iliyokwisha tumika. Nikaandika jina la akaunti, nikaandika neno la siri, likakubaliwa. Halafu ukurasa ukaniambia kwamba namba za uthibitisho zimetumwa kwa simu ambayo mwisho wake ni tarakimu mbili nilizozijua sana. Ilikuwa ile laini ya ndani ya kopo. Nilikimbia kuitafuta, nikaitia katika simu. Haikupata mtandao.

Mngesema, si barua pepe tu? Fungua nyingine. Lakini ndani ya akaunti ile mlikuwa na mambo matatu. Mlikuwa na nakala ya cheti changu cha K.C.P.E., mtihani uliofanywa Kenya mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi yenyewe iliharibika zamani. Mlikuwa na picha ya marehemu baba, wala hakuna nyingine. Na mlikuwa na barua ya ufadhili wa masomo. Rafiki yangu mmoja tuliyeomba pamoja alikuwa amekwisha kuipokea yake, nayo ilimtaka ajibu kabla ya siku kumi kupita. Kwa hiyo nilijua kwamba yangu imo, na kwamba siku zinahesabiwa, nami nimesimama nje ya mlango.

Nitasema wazi makosa niliyofanya, ili ninyi msiyafanye. La kwanza, nilijaribu kila mahali. Asubuhi nilijaribu kwa kompyuta ya kibanda cha intaneti, mchana kwa simu ya rafiki, jioni kwa kompyuta ya ofisi alikofanya kazi mjomba. Kila mara nilibahatisha majibu. Nilidhani kwamba mlango huu hauna bawabu, kumbe unaye, naye huangalia ni nani anayegonga, kwa simu gani, kutoka wapi. Mtu anayegonga kutoka mahali papya mara tano kwa siku moja hufanana na mwizi. Mwishowe niliambiwa kwamba nimejaribu mara nyingi mno, ningoje.

La pili, niliipigia simu namba yangu ya zamani. Alipokea mama mmoja wa Kenya. Nikamsalimu, nikamweleza habari yangu yote, nikamwambia kwamba sasa hivi ataletewa ujumbe wenye namba, naomba anisomee tu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, pole sana. Lakini hizo namba hata mwanangu wa kumzaa simsomei."

Nikamwambia, "Mama, nakuapia hii ilikuwa laini yangu."

"Pengine ni kweli," akasema. "Lakini wanaoiba pesa kwa simu nao huapa hivyo hivyo. Mungu akufungulie njia nyingine." Akakata.

Siku ile nilikasirika sana. Baadaye nilifikiri: kama yeye angekubali kunisomea mimi, angekubali kumsomea mwingine yeyote, na namba zinazofungua akaunti yangu zilikuwa zikimfikia yeye. Heri namba yangu iliangukia kwa mtu mwenye msimamo.

La tatu nusura linigharimu fedha. Mtu mmoja alijitambulisha kwamba yeye hufanya kazi na watu wa Google na aweza kufungua akaunti yoyote kwa dola hamsini, nusu kwanza. Nilikuwa nimekwisha kumwomba mjomba hizo ishirini na tano. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Ofisi yake iko wapi?" Sikuwa na jibu. Jueni basi kwamba kufungua akaunti hakulipiwi. Google haina wakala wa kazi hiyo barabarani, wala mtumishi wake hatakupigia simu akuulize neno lako la siri au namba zilizotumwa kwako. Akuulizaye hayo ndiye mwizi mwenyewe.

Siku ya kumi na moja nilikwenda kwa ustaz wetu anayesimamia chumba cha kompyuta. Hakugusa kitu. Aliniambia niandike neno la siri pole pole, halafu nisome kila neno lililoandikwa katika ukurasa, kwa sauti. Nikasoma kwamba swali limepelekwa kwa simu ya Tecno, niguse "Ndiyo".

Ustaz akauliza, "Tecno ipi?"

"Ile iliyolowa, ustaz," nikasema.

"Umejuaje?"

Nikanyamaza. Kwa hakika sikujua. Simu zangu zilikuwa mbili za aina moja, na siku zote kumi nilikuwa nimeyapita maneno yale bila kuyasoma, nikikimbilia namba ya simu. Tukampigia shangazi Kakuma. Nikamuuliza kama ile simu ndogo angali nayo.

"Ninayo, ndiyo hii naongea nayo," akasema. "Tena imenichosha. Kila siku yaniletea maneno ya Kiingereza yaniuliza ni mimi, ni mimi. Mimi nayafuta. Juzi nikabonyeza hapana."

Ustaz alicheka hata akavua miwani. Akaunti yangu ilikuwa haijatolewa katika simu ile tangu nilipoiacha, na kwa siku kumi na moja shangazi ndiye aliyekuwa akinifungia mlango, akidhani kwamba anawafukuza wezi. Tukamwomba asikate simu, akae mahali penye mtandao. Nikajaribu tena. Katika kioo cha kompyuta ikatokea namba moja ya tarakimu mbili. Kwake yakatokea maneno yale yale na namba tatu za kuchagua. Nikamtajia yetu, akaigusa. Akaunti ikafunguka.

Hapa yafaa niwaonye: kumtajia namba mtu wa nyumbani uliyempigia wewe mwenyewe, tena ili akusaidie kuingia kwako, si sawa na kumsomea mgeni aliyekupigia yeye. Shangazi alifanya vema kukataa mpaka aliposikia sauti yangu.

Barua ya ufadhili ilikuwamo. Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita kwa siku mbili. Nilijibu usiku ule ule nikaeleza yaliyonipata, nao wakaniandikia kwa upole kwamba orodha imefungwa, niombe tena mwaka utakaofuata. Cheti nilikipata, na picha ya baba nimekwisha kuichapisha, iko ukutani.

Basi, ndugu msomaji, ukipatwa na jambo hili, usianze kwa kukimbia. Keti, ufikiri ni wapi pengine ulipowahi kuingia katika akaunti hiyo: simu ya dada, kompyuta ya shule, simu ya zamani iliyopasuka kioo lakini yawaka. Kama kuna hata chombo kimoja ambacho akaunti ingali wazi, kazi imekwisha, maana kutoka hapo utaomba njia nyingine za kuingia. Kama hakuna, angalia namba. Laini iliyopotea si laini iliyokufa. Ikiwa ni ya hapa nchini na haijapewa mtu mwingine, nenda kwa kampuni ya simu na kitambulisho chako uombe kadi mpya yenye namba ile ile. Ikiwa ni ya nchi nyingine, yakupasa uulize upesi, kabla haijauzwa.

Hayo yote yakishindikana, ndipo uende katika ukurasa wa Google wa kurudishiwa akaunti. Nenda ukiwa mahali ulipozoea kuingilia, kwa simu au kompyuta uliyoizoea, na kwa kivinjari kile kile. Ukiulizwa neno la siri la mwisho unalolikumbuka, andika hata la zamani, kuliko kuacha wazi. Ukiombwa anwani ya barua pepe watakayokuandikia, toa ile unayoweza kuifungua. Kisha ungoje. Majibu huweza kuchukua siku kadhaa, na kuomba tena na tena hakuyaharakishi. Kwa akaunti za Microsoft mambo ni magumu zaidi: mtu akibadilisha njia zake zote za uthibitisho kwa mara moja, hungojeshwa siku 30. Wala msilale mkasema nitaishughulikia mwakani, kwa kuwa tangu Desemba 2023 Google yaweza kuifuta akaunti ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili.

Sasa nije kwenye kufuli linalotufaa sisi watu wa kuhamahama. Ziko programu za simu, kama ile ya Google iitwayo Authenticator, zinazotoa namba za uthibitisho bila laini, bila bando, hata ukiwa kijijini pasipo mtandao. Wengi hudhani ni uchawi, lakini ni hesabu. Siku ya kwanza ya kuunganisha, akaunti na simu yako hupeana siri moja ndefu. Baada ya hapo hawasemezani tena. Simu huhesabu ni nusu dakika ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 1970, huichanganya hesabu hiyo na ile siri, na kutoa tarakimu sita. Akaunti nayo, huko iliko, hufanya hesabu hiyo hiyo. Siri ni moja, saa ni moja, kwa hiyo jibu ni moja. Nusu dakika ikipita, tarakimu hubadilika.

Kama hesabu yategemea saa, saa ikiharibika je? Ustaz wetu mmoja wa hesabu alipatwa na hilo. Namba zake zilikataliwa wiki nzima, na saa ya simu yake ilionyesha sawa kabisa na saa ya ukutani. Mtakumbuka kwamba tarehe 1 Februari 2021 nchi yetu ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, tukaacha kwenda sawa na Nairobi na Kampala. Simu ya ustaz ilikuwa ya zamani na haikupata habari hizo, ikaendelea kuonyesha saa za Nairobi. Yeye akairudisha kwa mkono. Kwa macho ikawa sawa, lakini ndani simu iliendelea kuamini kwamba iko katika majira ya Nairobi, kwa hiyo iliikosea saa ya dunia nzima kwa saa moja, yaani nusu dakika 120, na tarakimu zake zikawa za wakati uliopita. Dawa ilikuwa kuiacha simu ichukue saa kutoka mtandaoni, kisha kuichagulia majira ya Kigali, ambayo ni sawa na yetu. Kwa dakika moja akaingia. Mimi hesabu hainipendi sana, lakini hiyo ilinifurahisha.

Programu hiyo nayo yakaa ndani ya simu, na simu hulowa. Kwa hiyo iko karatasi. Ukiwa umeingia katika akaunti yako ya Google, katika sehemu ya usalama, waweza kuomba namba za akiba. Utapewa kumi, kila moja ya tarakimu nane. Kila namba hufungua mara moja tu, kisha hufa. Na ukiomba kumi nyingine, zile za kwanza zote hufa. Ziandike kwa kalamu. Usizipige picha ukazituma katika barua pepe hiyo hiyo, maana utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Tena mtu akiiokota karatasi hiyo hawezi kuingia nayo peke yake, kwa sababu neno la siri hanalo. Basi usiliandike hapo. Na mnapobadilisha laini, badilisheni namba katika akaunti siku ile ile, mngali ndani.

Yangu niliziandika mara mbili. Karatasi moja iko ndani ya sanduku langu la bati pamoja na vyeti. Ya pili nilimpelekea shangazi kwa mkono wa jirani aliyekuwa akienda Kakuma. Shangazi alinipigia simu kuuliza namba hizi ni za nini, na kama anaruhusiwa kuzifuta.

Chumba cha kompyuta hufunguliwa Jumamosi saa nane mchana, jenereta ikiwa na mafuta. Nitakuwapo mpaka tutakapofunga shule. Atakaye kuandika namba zake za akiba aje na simu, daftari na kalamu, na wakubwa wetu walioko hapa Juba wanakaribishwa pia.